Filamu za kutisha za bajeti ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watazamaji wa Dodoma

Ukurasa huu ni wa yule aliyesimama mbele ya duka la filamu kule Majengo na flashi mkononi, au aliyelala hosteli pale Chuo Kikuu cha Dodoma huku bando la usiku likikaribia kuisha, anajiuliza kama filamu isiyo na hata mwigizaji mmoja anayemfahamu itamfaa. Maswali haya nimeulizwa na ndugu, majirani na vijana wa chuo kwa muda mrefu, na nimeyaacha karibu kama yalivyokuja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Udogo wa bajeti si kasoro, wala si sifa. Ninachokitafuta ni kama mtengenezaji alijua asichokuwa nacho, kisha akaijenga hadithi yake juu ya kile alichokuwa nacho.

Hiyo "bajeti ndogo" ni kiasi gani hasa?

Inategemea nani anasema. Kwa Hollywood hata dola milioni 5 ni ndogo. Get Out ya mwaka 2017 ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 4.5 na ikamletea mwongozaji wake, Jordan Peele, tuzo ya Oscar ya uandishi. Ukishuka chini ya hapo, Halloween ya John Carpenter, mwaka 1978, iligharimu kama dola 300,000. Night of the Living Dead ya George Romero, mwaka 1968, kama dola 114,000. Carnival of Souls ya 1962, kama dola 33,000. Paranormal Activity ilirekodiwa kwa wiki moja ndani ya nyumba ya mwongozaji wake, Oren Peli, mjini San Diego, kwa dola 15,000 hivi, yaani karibu shilingi milioni 40 kwa viwango vya miaka hii. Ilipoingia kwenye majumba ya sinema iliingiza zaidi ya dola milioni 190.

Kumbuka kwamba namba hizi kwa kawaida ni za kutengeneza filamu tu. Matangazo huja baadaye, na mara nyingi huzidi gharama ya filamu yenyewe kwa mbali.

Kwa nini filamu za kutisha ndizo zinazoweza kufanywa kwa pesa kidogo? Mbona za vita haziwezi?

Kwa sababu hofu huzalishwa zaidi na kisichoonekana, na kisichoonekana hakilipiwi. Filamu ya vita bila vifaru inaonekana imepungukiwa. Filamu ya kutisha bila zimwi, ikiongozwa vizuri, inatisha kuliko yenye zimwi. Mlango uliokuwa umefungwa sasa uko wazi: gharama yake ni mlango.

Sababu nyingine ni kwamba aina hii haihitaji nyota. Sura ngeni inasaidia, maana mwigizaji maarufu unajua hatakufa dakika ya ishirini. Usiyemjua anaweza kufa wakati wowote, na wewe unalijua hilo. Pia hadithi inaweza kukaa mahali pamoja: nyumba moja, gari moja, kisima kimoja. Kwa mwenye pesa kidogo hiyo ni nafuu kubwa, na kwa mtazamaji ni kubanwa, jambo ambalo ndilo alilolifuata.

Mfano ninaoupenda ni Halloween. Kinyago cha muuaji kilikuwa kinyago cha dukani chenye sura ya Captain Kirk wa Star Trek. Wakakipaka rangi nyeupe na kuyapanua macho. Hadithi inatokea msimu wa majani kupukutika, wao wakawa wanarekodi California wakati wa masika yao, basi wakapaka majani rangi, wakayamwaga barabarani, na wakimaliza wanayazoa ili wayatumie tena mtaa unaofuata. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe. Ukitazama leo huoni ufukara. Unaona uso usio na chochote, ukisikiliza kinanda kinachorudia rudia.

Kaka, mimi sina muda. Nitajuaje mapema kwamba hii ni ya kuacha?

Jipe dakika kumi, lakini zitazame kwa makini. Mambo matatu yatakuambia.

La kwanza ni sauti, na hapa sina huruma. Picha yenye chengachenga jicho huizoea. Sauti mbovu sikio haliizoei kamwe. Kama mazungumzo yanatoka kwenye kipaza sauti kilicho juu ya kamera, utasikia mwangwi wa chumba, na kila mkato wa picha kelele za nyuma zinabadilika: mara feni, mara bodaboda, mara kimya. Mtu ambaye hakujali hilo hakujali mengi. Kinyume chake, ukisikia kwamba kimya cha filamu kina kitu ndani yake, upepo, mbwa wa mbali, bati linalogonga, kaa utulie. Uko kwenye mikono salama.

La pili ni watu. Mpaka dakika ya kumi unapaswa kuwa umemjua angalau mtu mmoja kiasi cha kutotaka adhurike. Si lazima awe mwema. Anaweza kuwa dereva mdanganyifu anayemdhulumu kondakta wake, ilimradi anataka kitu na tunaona anavyokitaka. Filamu inayokuletea vijana watano wasio na lolote zaidi ya kusubiri kuchinjwa inakuomba uwe mhesabu maiti.

La tatu ni mahali. Je, umeielewa nyumba? Unajua jiko liko upande gani, mlango wa nyuma unatokea wapi, simu imeachwa chumba gani? Mwongozaji makini hukutembeza mapema, ili baadaye taa ikizimika wewe mwenyewe ujue hatari inatokea wapi. Asiyejua kazi yake hukurushia korido yoyote ile, na hofu inageuka kuwa kuchanganyikiwa.

Vyote vitatu vikikosekana, acha. Kimoja kikiwepo kwa nguvu, endelea hadi nusu saa.

Filamu inanishtua kila baada ya dakika mbili. Si ndiyo maana ya kutisha?

Kushtuka ni jambo la mwili tu. Hata sufuria ikianguka jikoni utashtuka. Swali ni kama mshtuko umejengwa au umerushwa.

Tazama Cat People ya mwaka 1942, iliyotengenezwa na Val Lewton kwa studio ya RKO kwa bajeti finyu. Mwanamke anatembea usiku peke yake, anahisi anafuatwa. Hakuna muziki, ni viatu tu. Anaharakisha, anageuka, hakuna mtu. Unapofika pale usipoweza kuvumilia tena, basi la abiria linaingia ghafla na kuziba skrini yote kwa mlio wa breki. Hakuna aliyedhurika, ila watazamaji waliruka. Watengenezaji wa baadaye waliuiga mtego huo kiasi kwamba mpaka leo wanauita "basi". Tofauti yake na paka anayerukia dirisha ni ile dakika nzima ya kutembea iliyotangulia.

Mwongozaji Alfred Hitchcock aliwahi kueleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wawili wanaongea, bomu linalipuka: umepata mshtuko wa sekunde chache. Ila ukiwa umeliona bomu likiwekwa, na saa iko ukutani, yale mazungumzo yao ya kawaida yanageuka mateso ya robo saa. Bomu ni lile lile. Hapo pia ndipo ulipo moyo wa filamu za kusisimua, trila, hata zisizo na jini wala maiti: mtazamaji kujua jambo ambalo mhusika halijui.

Damu inaonekana kabisa ni rangi. Niidharau?

Hapana. Katika Psycho ya 1960 damu ya bafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti, na picha nyeusi na nyeupe ikaificha. Damu ya bandia inaharibu filamu pale tu filamu inapoisimamia na kuiangalia kwa muda mrefu. Mwenye akili huonyesha mkono, kisha uso wa anayetazama, kisha anaondoka.

Naangalia alama za mtandaoni kwanza. Zinafaa kuaminiwa?

Kwa kiasi, kama unajua zinapima nini.

Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, si maksi za mtihani. Inasema ni wahakiki wangapi kati ya mia walioipenda, haisemi waliipenda kiasi gani. Filamu ambayo kila mtu ameiona "si mbaya" inaweza kupata 95, na filamu ya kijasiri iliyowagawa watu ikapata 60. Mimi ile ya 60 ndiyo ninayoitafuta.

Wastani wa IMDb, tovuti ambako watazamaji wenyewe hupiga kura, unahitaji jicho la pili, hasa kwa filamu ndogo. Ikiwa na kura chache, nyingi zinaweza kuwa za waigizaji na jamaa zao. Fungua uone kura zilivyogawanyika: zikirundikana kwenye 10 na kwenye 1, katikati patupu, wastani huo hauna maana.

Halafu kuna jambo linaloihusu aina hii peke yake. Watu wakitoka kwenye filamu iliyowavuruga kweli, huipa alama mbaya. CinemaScore, wanaowauliza watazamaji mlangoni usiku wa kwanza nchini Marekani, walirekodi D+ kwa Hereditary mwaka 2018, filamu ambayo wahakiki waliisifu sana. Walioingia wakitegemea mizuka ya kawaida walitoka na msiba wa kifamilia mabegani. Kwa hiyo usisome alama, soma malalamiko. Anayesema "inachelewa, hakuna kinachotokea" anakueleza kuhusu subira yake. Anayesema "sikusikia wanachoongea" anakueleza kuhusu filamu.

Kava na trela je?

Kava lipuuze kabisa. Kuna kampuni, The Asylum ya Marekani, iliyojijengea biashara kwa kutoa filamu za bei rahisi zenye majina yanayokaribiana na filamu kubwa: Snakes on a Train mwaka 2006, Transmorphers mwaka 2007. Soma jina herufi kwa herufi kabla hujalipa. Trela nayo itazame nusu yake tu. Filamu dhaifu huweka vitisho vyake vyote humo, ukiimaliza hujabakiwa na cha kutazama.

Na za kwetu? Mbona unasifia za Wamarekani tu?

Swali la haki, na ndilo ninalolijali kuliko yote.

Bongo Movie ina historia yake ya kutisha. Miaka ya 2000, mwongozaji Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, akachukua mizimu na majini wa simulizi zetu na kuwaweka kwenye kanda, wakati ambapo watu wengi walikuwa wakikesha na filamu za Nigeria. Mtu akizicheka leo kwa ajili ya vinyago vyake, namwomba akumbuke kwamba zilithubutu kutoka kwenye mapenzi na nyumba za kifahari.

Kilichotuumiza ni kingine. Enzi za DVD, filamu moja iliuzwa vipande viwili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Ndipo tukaletewa geti linafunguliwa taratibu, gari linaingia, geti linafungwa, mtu anashuka, anatembea mpaka mlangoni, wimbo unapigwa mpaka mwisho. Hofu haivumilii kurefushwa namna hiyo. Kwa hiyo ukiwa na filamu ya kwetu mkononi, kigezo changu cha kwanza ni hiki: je, kila kinachoonekana kina kazi? Ukikutana na dakika nne za barabara ya Dar es Salaam zilizopigwa kwa droni, umeshapata jibu.

Kigezo cha pili ni kama hofu yenyewe imetoka hapa. Sisi wa kanda ya kati tumekaa juu ya utajiri. Miaka ya 1940 huko Singida kulitokea mauaji yaliyofanywa yaonekane kazi ya simba, na utawala wa Waingereza ulichunguza na kuwashitaki watu. Mpaka leo wazee wanasimulia habari za watu simba. Fikiria filamu ya jambo hilo. Haihitaji simba hata mmoja. Inahitaji shamba la mtama usiku, tochi moja, alama za kucha kwenye mchanga, na wanakijiji wasioaminiana kwa sababu kila mmoja anajiuliza ni nani kati yao. Miamba ya Kondoa ipo, mibuyu ipo, upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unapiga bati bure. Kijana wa Chamwino mwenye simu nzuri na kipaza sauti cha kubana kwenye shati ana vifaa ambavyo Romero hakuwa navyo. Akiitengeneza hiyo, hata kama picha inatikisika, nitalipa.

Kuna filamu ambayo huwezi kuishauri hata ikiwa imetengenezwa vizuri?

Ipo. Ile ambayo kitisho chake ni bibi kizee mwenye macho mekundu, na mwisho wa hadithi kweli anakuwa mchawi. Nchi hii imezika wanawake wazee waliouawa kwa tuhuma hizo, na macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Vivyo hivyo filamu inayomtumia mtu mwenye ualbino kama kiumbe cha ajabu au kama dawa ya utajiri. Mwongozaji anaweza kuonyesha kijiji kikimtuhumu bibi yule, na kunifanya niwaogope wanakijiji. Hiyo ni filamu ya kutisha ya kweli. Ila akinifanya nimwogope bibi, naizima.

Dada yangu anapenda zile zilizotafsiriwa na DJ. Zinafaa kwa filamu za kutisha?

Namheshimu marehemu Lufufu, mtafsiri wa filamu, na wote waliofuata njia yake. Waliwafungulia watu wa kwenye mabanda ya video filamu ambazo wasingezielewa, na kwa picha ya mapigano au ya vichekesho msimulizi mzuri anaongeza utamu. Kwa kutisha ni shida. Filamu hizi zinaishi kwa kimya, na kazi ya DJ ni kukijaza. Akikuambia "sasa huyu anaenda kukutana na balaa," bomu limeshatolewa chini ya meza. Mwambie dada aanze na ya Kijapani au ya Kikorea yenye maandishi chini, aone tofauti.

Watoto walale wapi tukitazama?

Kwenye nyumba ya chumba na sebule hili si swali dogo. Bodi ya Filamu Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, hukagua filamu na kuzipanga kwa umri. Filamu uliyowekewa kwenye flashi haiji na alama hiyo, kwa hiyo mkaguzi ni wewe. Pazia halizuii sauti, na mtoto anayesikia bila kuona hujitengenezea makubwa zaidi ya yaliyomo. Tumia hedifoni au subiri.

Niliitazama kwenye simu, sikuona kitu zaidi ya weusi. Ni filamu mbaya?

Inawezekana ni nakala mbaya. Faili likibanwa sana ili liwe dogo, sehemu za giza ndizo zinazoumia kwanza: kivuli chenye umbo ndani yake kinageuka vipande vya miraba vinavyocheza. Filamu za bajeti ndogo zinategemea giza, basi hizo ndizo zinazopoteza zaidi. Iliyoibiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema usiitumie kumhukumu mtu yeyote. Ongeza mwanga wa simu, zima taa ya chumbani, na ukiweza lipia nakala halali. Studio kubwa itaishi bila elfu mbili yako, ila aliyerekodi nyumbani kwake anaihitaji.

Na sabufa ipunguze. Besi ikizidi, minong'ono yote inazama.

Nianzie wapi bila kutumia pesa nyingi?

Anza na Night of the Living Dead. Jina lake lilipobadilishwa na wasambazaji, alama ya hakimiliki ikasahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule kosa hilo liliifanya mali ya umma. Unaipata nzima mtandaoni, halali, bure. Hivyo hivyo Carnival of Souls, iliyofanywa na Herk Harvey, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa filamu za mafunzo za mashuleni na viwandani. Sikiliza kinanda cha filamu hiyo.

Kisha tafuta One Cut of the Dead ya Japani, ya mwaka 2017, iliyogharimu kama yen milioni 3. Hapa naivunja kanuni yangu ya dakika kumi. Dakika 37 za mwanzo zimerekodiwa bila mkato hata mmoja, na zina makosa ya ajabu: mtu anasita, kamera inaanguka, kelele inadumu kupita kiasi. Usizime. Kila kosa litarudi na sababu yake, nami sisemi zaidi.

Ukitaka fupi, ipo Host ya 2020, iliyotengenezwa wakati wa karantini ya korona Uingereza, kila mwigizaji akiwa kwake na hadithi nzima ikiwa ni mazungumzo ya marafiki kwenye Zoom. Ni dakika 57 tu, na hii ndiyo pekee katika orodha yangu ninayokushauri uitazamie kwenye kompyuta mpakato badala ya runinga.